Jezi Zinanuka, na Wifi Ameondoka

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunihukumu, maana nakujua, huwa unawachapa watu wakiwa bado katikati ya shida zao. Mimi ni dobi. Nilianza na mabeseni mawili na kamba ya mita sita nyuma ya nyumba ya kupanga, leo nina duka lenye mlango wa kioo na mashine tatu, mbili za kilo saba na moja ya kilo kumi na mbili, na hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapa, si mume wangu, si ndugu zake, si wangu, labda wifi yangu kidogo, na yeye ndiye hasa ninayekuandikia habari zake, ila kwanza tuzungumze habari ya harufu.

Nina mteja mmoja mkubwa, timu ya mpira wa wavu ya wauguzi, wanawake watupu, watu ambao kazi yao ni usafi. Kila wiki naletewa jezi kumi na mbili, bukta kumi na mbili, soksi ishirini na nne na vilinda magoti ishirini na vinne, jumla vipande sabini na viwili, na sijawahi kupoteza hata kimoja. Wanacheza Jumamosi, wanamaliza saa kumi na mbili jioni, nguo zinatiwa kwenye mifuko ya plastiki, inafungwa mafundo mawili mawili, inakaa kwenye buti la gari la kapteni mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi ndipo inafika kwangu. Mafundo ni mawili kwa sababu gari si la kapteni, ni la mumewe.

Sasa sikiliza, nguo zikitoka kwangu zinanukia, nasisitiza hapo, zikikunjwa zinanukia, zikiwa mfukoni zinanukia, kapteni akija anachomoa moja anaisogeza puani mbele yangu na kusema, "Mama, hapa umemaliza kazi." Lakini mchezaji akishaivaa na mwili ukipata joto, dakika kumi tu, kinatoka kitu ambacho sijui nikieleze vipi kwenye gazeti linalosomwa na familia. Si kikwapa cha kawaida. Ni kikwapa kilichotiwa manukato ya maua.

Wanachezea ukumbini, ndani, na mwezi uliopita kwenye seti ya pili, wauguzi wakiongoza tisa kwa saba, kapteni wa timu pinzani alimwendea refa akamnong'oneza, refa akapuliza filimbi, madirisha yote kumi na sita yakafunguliwa, mchezo ukaendelea. Wauguzi walishinda. Lakini kapteni aliniambia kwamba wapinzani hawakuja kwenye wavu kupeana mikono, walipunga tu kutoka mbali.

Mimi si mtu wa kubahatisha, mshauri, nina daftari. Vipande vyote navitia kwa pamoja kwenye ile mashine ya kilo kumi na mbili. Wiki ya kwanza niliweka vijiko viwili vya sabuni ya unga na kifuniko kimoja cha dawa ya kulainisha nguo, ile ya maua, na harufu, kwa kipimo changu mwenyewe cha moja hadi kumi, ilikuwa tatu. Wiki ya tatu nikaweka vijiko vitatu na vifuniko viwili, harufu nne. Wiki ya tano vijiko vinne, vifuniko vitatu, harufu sita. Wiki ya nane vijiko sita, vifuniko vinne, harufu nane. Maji niliyatoa nyuzi joto thelathini nikayapeleka sitini, mpaka namba nane ya mgongoni ikabanduka upande mmoja ikawa tatu, timu ikaingia uwanjani na namba tatu mbili, refa akauliza maswali. Utaona mwenyewe kwamba kila harufu ilipopanda na mimi nilipanda nayo, sikukaa nikakunja mikono, na bado kuna watu wanadiriki kusema nimezembea.

Tena sikuishia hapo, nilivaa jezi namba sita mimi mwenyewe, nikapanda na kushuka ngazi za jengo tunaloishi, na mzunguko wa nne haujaisha harufu ikaja. Jirani wa ghorofa ya pili akafungua mlango, akauliza, "Shoga, unamtafuta nani?" Nikamwambia naitafuta harufu. Akasema, "Basi umeipata," akafunga.

Wifi yangu ni mdogo wa mwisho wa mume wangu, tuko naye dukani mwaka wa sita huu, yeye anachambua nguo, anaanika na kupiga pasi, mashine nazishika mimi. Ni mchapakazi, hilo sikatai, ila ana maneno. Tangu wiki ya tatu alianza.

"Wifi, sabuni imezidi."

"Wewe umeshanunua mashine ngapi?"

"Hata moja."

"Basi niachie mimi zangu."

"Nakuachia, wifi. Ila imezidi."

Wiki ya sita akachukua jezi iliyokwisha kufuliwa, kavu, imenyooka, akaitumbukiza kwenye beseni la maji matupu, akaikamua mara tatu nne, akaniita. "Wifi, njoo uone." Nikaenda. Beseni lilijaa povu. "Umeona?" Nikamwambia nimeona, huo ndio uzuri wa sabuni yetu, kazi imekwisha na bado ina nguvu. Akalimwaga lile beseni, akarudi kwenye pasi yake.

Nieleze kidogo habari ya povu. Tangu enzi za mabeseni, mteja alikuwa akija lazima alione. Mteja haamini maji, mshauri, anaamini povu. Ndiyo maana kioo cha ile mashine ya kilo kumi na mbili nimekielekeza barabarani, watu wapite waone kazi inafanyika. Leo mtu aliyeninyoshea pasi miaka sita ananiambia nipunguze kitu kilichonitoa kwenye kamba ya mita sita?

Kwa hiyo nikaanza kumtilia shaka yeye. Nikahisi haaniki juani, nikampeleleza, akawa anaanika juani. Nikahisi anachanganya jezi na matambara ya kupigia deki, nikahesabu matambara, yote tisa yalikuwa ndooni. Nikabaki na mikono yake. Anajipaka mafuta mazito kila asubuhi, nikasema ni hayo.

Alhamisi ya juzi kapteni alikuja dukani akiwa na sare zake za kazi, akasema kwa upole, "Mama, wenzangu wanasema tutafute dobi mwingine. Mimi sitaki, lakini tunanuka." Nikajikuta nasema, kwa sauti, wateja wengine wawili wakiwa kwenye foleni: "Harufu hiyo si ya mashine zangu. Ni ya mikono ya wifi yangu huyu."

Kapteni akasema, "Mama, mimi nilikuja kuulizia jezi tu."

Wifi alikuwa katikati ya shati. Alimalizia kola, akalitundika, akachomoa waya wa pasi ukutani, akavua aproni akaikunja mara nne. Akasema, "Wifi, pasi nimeizima, usije ukajiunguza." Akatoka. Hakubamiza mlango, angebamiza ningejua pa kumshika.

Dobi wa ng'ambo ya barabara alipata habari siku hiyo hiyo, akamfuata, wamekubaliana aanze kazi kwake Jumatatu hii inayokuja. Nyumbani nako mume wangu aliniuliza kitu kimoja tu.

"Umemwambia dada yangu ananuka, mbele za watu?"

"Sikusema yeye, nilisema mikono."

"Mikono ya nani?"

Tangu hapo anafua soksi zake mwenyewe, kwa mkono, bafuni, mlango wazi ili nimwone. Mume wa dobi mwenye mashine tatu.

Naomba unijibu mambo mawili. La kwanza, harufu hii inatoka vipi kwenye jezi. La pili, nimwache wifi avuke barabara, au niende kwake, na nikienda niseme nini, maana mimi nikimkosea mtu najua kumpelekea kitu, kusema sijui. Kutoka kwangu hadi kwake ni dakika kumi na moja kwa miguu. Nimeshafika getini mara mbili, nikarudi.

Ni mimi,
Dobi wa Mashine Tatu

*

MSHAURI ANAJIBU

Dobi, barua yako ilifika Jumanne, na nimewaruka watu kumi na wanne waliokutangulia kwa sababu ya hiyo Jumatatu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sasa kaa chini.

Fungua daftari lako ulisome tena, safari hii kama vile ni la mtu mwingine. Vijiko viwili, harufu tatu. Vijiko sita, harufu nane. Mteja angekuletea karatasi yenye hesabu hizo, wewe uliye mkali wa namba, ungemwambia nini? Umeandika ushahidi kwa mkono wako, wiki nane mfululizo, halafu ukamhukumu aliyekuwa anapiga pasi.

Mimi si dobi, kwa hiyo barua yako niliipeleka kwa mama mmoja anayefua taulo na nguo za ukumbi wa mazoezi, watu mia mbili wanaotoka jasho kila siku. Alipofika pale kwenye beseni la povu aliomba kiti. Kisha akasema, "Hiyo si nguvu ya sabuni. Hiyo ni sabuni iliyokosa pa kutokea." Anasema jezi si pamba. Kile kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za plastiki, maji hakiyapendi ila mafuta ya jasho kinayakumbatia. Wewe ukiongeza sabuni ambayo mashine haiwezi kuisuuza, inaganda juu ya hayo mafuta. Ukiongeza ile dawa ya maua unapaka tabaka jingine la kuvifunika vyote viwili. Vijidudu vinavyoleta harufu vinabaki humo ndani, vimefunikwa vizuri, vinasubiri mtu apate joto. Nguo ikiwa kavu unanusa maua. Mtu akiruka mara mbili wavuni, wenyeji wanaamka.

Basi fanya hivi. Anza na mashine yenyewe: iendeshe tupu, maji ya moto kabisa, bila sabuni, kisha ufunue ule mpira wa mlangoni, uupanguse mpaka ndani ya mikunjo. Utakachokikuta humo usiniandikie.

Jezi zigeuze ndani nje, kwa sababu jasho liko ndani, namba ndizo ziko nje. Ziloweke kwenye maji baridi au ya uvuguvugu yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa kila lita nne, kwa nusu saa mpaka saa nzima. Na hapa nisikilize kama hujawahi kunisikiliza: siki hiyo isikutane kabisa na ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, hata kwenye beseni lisilosuuzwa. Vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu, na duka lako lina mlango mmoja.

Ukishaloweka, usijaze mashine. Vipande sabini na viwili kwa mara moja si kufua, ni kufungasha. Vigawe mafungu mawili au matatu, maji ya nyuzi thelathini, arobaini ikizidi sana. Ile namba nane imeshalipa kwa ajili ya wenzake. Sabuni kijiko kimoja. Dawa ya kulainisha, vifuniko sifuri, na sifuri ni namba kama nyingine, iandike kwenye daftari. Suuza mara mbili. Kabla ya kuanika chukua jezi moja, itie kwenye beseni la maji matupu, ikamue. Likitoka povu, suuza tena, usiniambie habari za nguvu. Huenda ikachukua mafuo matatu au manne mpaka yale ya wiki nane yaishe yote, kwa hiyo usikate tamaa mara ya kwanza ukarudia vijiko sita. Anika zikiwa bado zimegeuzwa, penye upepo, na usikunje kitu chenye unyevunyevu. Vilinda magoti ni vinene, vinadanganya. Vifinye katikati ndipo uamini vimekauka.

Wauguzi nao wana lao. Jumamosi saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa thelathini na nane, na mtu wa hesabu kama wewe aliyaandika mafundo akasahau kujumlisha saa. Nguo mbichi kwenye plastiki, ndani ya buti la gari, saa thelathini na nane, hata ingekuwa nguo ya malaika ingenuka. Mwambie kapteni kila mchezaji aende na yake nyumbani, aitandaze ipigwe na hewa usiku huo huo, Jumatatu wailete kavu. Mumewe atashukuru kuliko wote.

Hayo ndiyo ya jezi, na yalikuwa mepesi. Sasa tuje kwa wifi.

Nakuelewa kuhusu povu, usidhani nakucheka. Mtu aliyejitoa kwenye mabeseni mawili hana cheti cha kuonyesha, ana povu. Ukiambiwa limezidi unasikia kama umeambiwa wewe umezidi. Lakini yule binti hakusema hivyo. Alisema sabuni, na alisema ukweli, mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa beseni, na wewe ukamlipa kwa kumnukisha mbele ya foleni. Mikono yake imebeba nguo zako miaka sita. Angekuwa na kinyongo angeiacha ile pasi iwake.

Ulimchafua mbele ya watu, hutaenda kumsafisha chumbani. Leo hii, kabla hujafua chochote, mpigie kapteni simu umwambie hivi: kosa lilikuwa langu, nilizidisha sabuni, wifi yangu aliniambia tangu wiki ya tatu. Wale wateja wawili wa kwenye foleni unawajua. Wakija kuchukua nguo zao, waambie vilevile. Utaona aibu. Ndiyo. Yeye aliiona yako wiki nzima bila kustahili.

Jumamosi nenda kwake, na safari hii lipite hilo geti. Usiende na kitu mkononi, hata mkate. Ukipeleka kitu utamlazimisha akushukuru, na siyo yeye mwenye zamu ya kushukuru. Akifungua mlango sema, "Wifi, ulikuwa unasema kweli habari ya sabuni, na mimi nilikusingizia mbele za watu. Nimeshawaambia." Halafu nyamaza. Usieleze ulivyokuwa umechoka, usieleze kapteni alisema nini, usiweke "lakini." Akikutukana, sikiliza. Akilia, usimpapase mgongoni kwa haraka ili anyamaze. Ukiona amebandika maji ya chai, usichukulie kwamba mambo yamekwisha. Watu wanawapa chai hata wasiowapenda.

Ndipo umwombe arudi, na umwombe kwa masharti yake, si yako. Ile mashine ya kilo kumi na mbili aishike yeye, na kijiko cha sabuni akae nacho yeye. Mtu aliyegundua kosa lako kwa beseni la maji matupu si mpiga pasi, ni fundi, na wewe ulikuwa na fundi kwa miaka sita bila kujua.

Na mume wako mwache na soksi zake. Hatoki bafuni kwa maneno yako, atatoka kwa maneno ya dada yake.

Inawezekana wifi akakataa kurudi. Ameshatoa neno lake ng'ambo, na kuna maumivu ambayo ombi la msamaha linayapoza bila kuyarudisha nyuma. Akikataa, usinung'unike. Jumatatu asubuhi chelewa kufungua duka, vuka naye barabara mpaka mlangoni kwa yule dobi mwenzako, na umwambie, yeye na kila aliyeko hapo, kwamba anampata mtu anayejua kazi kuliko wewe. Na umwambie kwamba wifi yako akisema sabuni imezidi, asimbishie.